Kadi ya ubatizo ya babu imepigwa wino kwenye jina. Wazee wa Bukavu, nisaidieni

Mushaga wa Bagira aliandika:

Jambo sana wote. Naandika toka Bagira. Swali langu ni la familia, ila naona ndani yake kuna historia ambayo shuleni tuliipitia mbiombio, mistari miwili halafu mwalimu akafuta ubao.

Tuko kwenye mambo ya parseli. Babu alinunua kiwanja mwaka 1976, karatasi imeandikwa Mushagalusa Habamungu. Baba yangu alikufa, sasa sisi watoto tunatakiwa kuonyesha kwamba huyo Mushagalusa ndiye mzazi wa baba yetu. Kwenye ofisi moja (siitaji, nitarudi tena kule kesho) walituomba karatasi yoyote ya zamani ya babu. Tukafungua sanduku lake la bati. Ndani kulikuwa na rozari ya mbegu, picha ya kazi ya mashamba ya kinkina (miti ya dawa ya malaria) ambako alikuwa karani, beji yenye kutu ya MPR, chama cha Mobutu, na kadi ya ubatizo ya misioni ya Nyangezi. Tarehe inasomeka vizuri: 19-6-1949. Jina Mushagalusa linasomeka. Jina la baba yake na la msimamizi wa ubatizo yanasomeka. Lakini pale penye jina la ubatizo pamepigwa wino mweusi, mzito, umekwenda na kurudi mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mwishoni tu zimebaki herufi ambazo mkono haukuzifikia vizuri: ...tasius. Nyuma ya kadi, kwa penseli, mtu kaandika Habamungu.

Yule karani aliitazama, akaigeuza, akanirudishia. Akasema karatasi iliyochezewa haina thamani, na hata kama ingekuwa nzima, haionyeshi Habamungu ila kwa penseli. Ni watu wawili, akasema. Nilitoka pale nimekunywa hasira kama chai ya moto.

Nikamuuliza shangazi wa baba, dada mdogo wa babu, ambaye bado yupo Nyangezi. Masikio yamechoka lakini kichwa kizima. Alinijibu kwa Mashi neno moja tu: «Wakati wa Mobutu.» Halafu akaendelea kutoa maharage kwenye maganda. Nilipomsukuma kidogo akasema, ee, walikataza majina ya Kizungu, watu walifungwa, nenda ukaulize wasomi.

Basi nimekuja kwa wasomi. Ni kweli serikali ilikataza jina la ubatizo? Nani alipiga huu wino, padri, askari, au JMPR, vijana wa chama? Na watu waliitikia tu, ndiyo mukubwa, au kuna waliokataa? Nauliza kwa sababu kwenye shirika letu vijana tulionyeshwa habari za Mexico, wakulima waliochukua bunduki kutetea misa. Nikajiambia, na sisi? Babu Tasi alikuwa mtu wa kwenda misa kila asubuhi. Sipendi kufikiri kwamba alikubali tu.

Fiston243 alijibu:

Kaka, msimseme vibaya Mobutu kwa hilo. Ni yeye aliyetuambia tuache kuitwa Jean-Baptiste na Marie-Goretti kama vile tulizaliwa Ubelgiji. Mpaka leo una «postnom», jina la asili baada ya jina la ukoo, kwenye karti yako, ni zawadi yake. Jina Habamungu ni zuri kuliko hilo la tasius. Wachina wanabatizwa kwa Kichina. Shida iko wapi? Kanisa lilikuwa limezoea kuagiza, likaguswa mfukoni, likalia.

Mwalimu Mstaafu, Kadutu, alijibu:

Mwanangu Mushaga, jambo. Fiston, jambo pia, nitakufikia.

Nina miaka 76. Nilisomea ualimu huko huko Nyangezi, nikaanza kufundisha shule ya msingi ya misioni mwaka 1970. Haya mambo yalinikuta nikiwa na chaki mkononi, kwa hiyo nitayasema kama nilivyoyaona, na yale ya Kinshasa kama yanavyojulikana.

Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaïre. Kabla ya hapo, mwezi wa nane, chuo kikuu cha Lovanium, ambacho Kanisa lilikijenga, kilikuwa kimeshachukuliwa na kuunganishwa katika chuo kimoja cha serikali. Januari 1972 Mobutu aliacha Joseph-Désiré, akawa Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na wananchi wote tukatakiwa tumfuate. Tarehe 12 ya mwezi huo gazeti la Kikatoliki la Kinshasa, Afrique Chrétienne, likaandika tahariri iliyouliza kama uhalisi, ndiyo siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, maana yake ni kurudi nyuma. Gazeti likasimamishwa. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, akahesabiwa kuwa ndiye aliyeliandikisha. Tayari walikuwa na deni naye: 30 Juni 1970, kwenye sherehe ya miaka 10 ya uhuru, aliwahubiria wakubwa juu ya anasa yao huku mfalme Baudouin ameketi pale pale. Walimvua nishani ya taifa, wakamtoa katika nyumba aliyokuwa akikaa, nyumba wakawapa JMPR, na Februari akaenda Roma uhamishoni mpaka katikati ya mwaka. Sisi huku tulisikia redioni akitukanwa kama mwizi wa kuku. Mtu aliyekuwa na dawati tisa za watoto wa komunyo ya kwanza mbele yake, kama mimi, angewaelezea nini?

Na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka 5. Hilo shangazi yako hakulibuni.

Sasa Fiston. Kuna jambo unalosema kweli, na maaskofu wenyewe walilisema: ubatizo hauhitaji jina la Kifaransa. Malula ndiye aliyekuwa mbele kutaka misa yenye ngoma na nyimbo zetu, miaka mingi kabla Mobutu hajavaa kofia ya chui. Kwa hiyo ugomvi haukuwa kwamba mmoja anaupenda Uafrika na mwingine anaupenda Uzungu. Swali lilikuwa nani ana haki ya kuingia kwenye maji ya ubatizo akasema hili ndiyo, hili hapana. Na tazama yaliyofuata uone kama ilikuwa habari ya majina tu.

Walitaka kamati za JMPR ndani ya seminari. Seminarista, mbele ya askofu wake, awe mwanachama wa chama. Kisha wakavunja vyama vya vijana vya Kanisa. Xaveri, ambayo ilizaliwa huku huku Kivu, nguo zake za sare zikaenda chini ya magodoro. Kisha wakafunga magazeti ya dini. Katikati ya 1974 wakatangaza kwamba Noeli si sikukuu tena. Mwisho wa mwaka huo wakafuta somo la dini shuleni, mahali pake likaja somo la siasa, Mobutu na chama. Wakaamuru misalaba na picha za Baba Mtakatifu zishushwe kwenye mashule, mahospitali na maofisi. Siku za mwisho za Desemba 1974 shule zote za makanisa zikawa za serikali. Waziri wa mambo ya ndani, Engulu, alikuwa amesema hadharani kwamba Mungu alituletea nabii, na huyo nabii ni Mobutu, ndiye Masiya, na kanisa letu ni MPR. Sijatia chumvi. Jioni kwenye televisheni, kabla ya habari, uso wake ulishuka toka mawinguni. Huku hatukuwa na televisheni nyingi, lakini kwa jirani tuliona.

Hapo ndipo nina deni langu, nililipe leo.

Siku ya kushusha msalaba direkta wetu alipita darasa kwa darasa na barua mkononi. Hakuisoma. Aliionyesha tu, akasema: «Mwalimu, umeelewa,» akatoka. Nilikuwa na watoto 52 wa mwaka wa tatu. Nilipanda kwenye kiti, nikaushusha. Ulikuwa wa mbao za misufi, Yezu wake wa shaba, mdogo, mguu mmoja ulikuwa umelegea. Nikauweka kwenye droo ya meza chini ya boksi la chaki. Hakuna mtoto aliyesema neno. Mwanangu, uliuliza kama watu walikubali tu. Mimi nilikubali. Nilikuwa na mke mwenye mimba na mshahara wa zaïre chache, na nilikuwa mwoga.

Wiki iliyofuata ikaletwa picha ya Mobutu, ikatundikwa kwenye msumari ule ule. Na watoto, unajua desturi, wakiingia asubuhi walikuwa wamezoea kutazama ukuta na kupiga ishara ya msalaba. Hakuna aliyewaambia waache. Basi wakaingia, wakatazama ukuta, wakapiga ishara ya msalaba mbele ya kofia ya chui. Siku ya kwanza nilitaka kucheka, siku ya pili nikaogopa. Mkaguzi akija ataona nini? Kwamba wanamwabudu, au kwamba wanakaidi? Sikujua, na nadhani naye asingejua.

Mwenzangu wa mwaka wa pili alifanya vingine. Yeye alirudisha msalaba kwenye msumari usiku, halafu akatundika picha juu yake. Picha ikawa haikai sawa, imeinama mbele kama mtu anayesinzia. Wakubwa walipokuja kutembelea, direkta aliinyoosha kwa kidole, ikaanguka tena mbele. Direkta alijua. Alinyoosha tu, akaendelea kueleza habari za madawati. Hivyo ndivyo tulivyoishi na ile picha zaidi ya miaka 2.

Noeli ya 1974 ilikuwa Jumatano. Dada yangu alikuwa muuguzi, alitakiwa kazini saa moja. Padri akasogeza misa, ikaanza saa kumi za usiku. Watu walishuka toka juu Cimpunda na mienge ya majani, mvua inanyesha, akina mama wamevaa pagne yenye uso wa Mobutu kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa mpya. Kanisa lilijaa kuliko Noeli zote nilizowahi kuona. Saa moja kasoro watu wakaenda kazini. Hakuna aliyekamatwa: sheria ilisema kazi, wakafanya kazi.

Katekisimu nayo ilihama shuleni ikaenda kwenye mabaraza ya nyumba. Mama yangu, ambaye hakujua kuandika jina lake, alifundisha watoto 20 chini ya mparachichi wetu. Na maaskofu, Januari 1975, walitoa tamko wakasema wokovu wetu uko kwa Yesu Kristo, hawakuzunguka.

Kisha serikali ikashindwa. Bei ya shaba ilianguka, pesa zikaisha, shule zikawa bila chaki, walimu miezi bila mshahara, wanafunzi wanafanya animasio, nyimbo na ngoma za kusifu chama, siku nzima. Februari 1977 wakatia sahihi mkataba na makanisa: chukueni tena, mziendeshe. Ndiyo maana hata leo shule zetu zinaitwa «conventionnées». Kila ukiona neno hilo kwenye kibao, kumbuka limetoka hapo. Nilipotoa msalaba wangu kwenye droo, mguu uliolegea ulikuwa umepotea. Nilitafuta boksi zima la chaki.

Kuhusu kadi yako. Vijana wa JMPR walikuwa na kelele, lakini kukaa chini na kupiga wino kwa makini hivyo? Mtu akikwaruza karatasi yake mwenyewe hukwaruza kwa mkono mzito. Ninafikiri ni babu yako. Karani wa mashamba alipaswa kupeleka karatasi zake kazini.

Na kuna kitu umekipita. Umeandika mwishoni «Babu Tasi». Nani alimwita hivyo, na kwa nini?

Mushaga wa Bagira aliandika:

Papa Mwalimu, aksanti. Nimesoma mara mbili, ya pili nilimsomea mama.

Tasi ni jina la nyumbani. Wote tulimwita Babu Tasi, hata majirani. Baba alitwambia ni kwa sababu alikuwa akisema «tasi!» akipiga chafya. Sikuwahi kufikiri zaidi.

Na kuhusu Habamungu: Kwetu maana yake Mungu yupo. Si jibu hilo? Walimnyang'anya jina la mtakatifu, akaandikisha jina linalosema Mungu yupo, kwenye karatasi ya serikali yao wenyewe. Nilipata mwili kusisimka.

Mwalimu Mstaafu, Kadutu, alijibu:

Polepole. Habamungu ni jina la kawaida kwa Bashi, kama Byamungu, kama Bisimwa. Inawezekana lilikuwa la babu yake. Usimjengee mzee sanamu kabla hujamuuliza shangazi. Ila ni kweli kwamba wengi walichagua hivyo, na maparoko walipenda: Imani, Neema, Byamungu, nani atasema si asilia? Hata maaskofu wetu wakabeba majina marefu ya ukoo, Mulindwa Mutabesha, baadaye Munzihirwa Mwene Ngabo.

Hiyo chafya baba yako aliitunga, au aliambiwa hivyo na mtu aliyetaka watoto wasiseme ovyo shuleni. Chukua kalenda ya zamani ya liturujia. Tarehe 19 Juni ni sikukuu ya nani? Gervasi na Protasi, mashahidi wa Milano. Mapadri Weupe, ukibatizwa siku fulani na huna jina, walikupa la siku hiyo. 19 Juni 1949 ilikuwa Jumapili, siku nzuri ya kubatiza. Herufi zako ni ...tasius. Nenda Nyangezi, muombe katibu wa parokia afungue kitabu. Kadi ni ya mtu, anaweza kuipiga wino. Kitabu ni cha misioni, na hakuna padri niliyemsikia amefuta kitabu.

Mama Neema wa Kadutu alijibu:

Jambo Papa Mwalimu, jambo wanangu.

Mimi ni mtoto wa nyuma, yale ya Mobutu niliyakuta yanaisha. Langu ni la mwaka 2000, nilikuwa wa kidato cha tano. Wakati huo mji ulikuwa chini ya RCD, waasi waliokuwa wanasaidiwa na Rwanda. Mtaniambia haikuwa serikali. Ushuru sokoni walikuwa wanachukua wao, askari walikuwa wao, gereza lilikuwa lao, sasa mnaita nini.

Askofu Mkuu Kataliko alikuwa ameandika ujumbe wa Noeli 1999. Alisema nguvu za kigeni, zikisaidiana na baadhi ya ndugu zetu wenyewe, zinapanga vita kwa mali ya nchi hii. Ulisomwa makanisani, sisi wote tulisikia, na wao walisikia pia. Februari alipotoka safari wakamkatalia kurudi Bukavu, wakampeleka Butembo, kule alikokuwa askofu zaidi ya miaka 30 kabla hajaja kwetu. Walifikiri tutasahau. Shule za Kikatoliki zikagoma. Mimi nilikaa nyumbani, mama anauza fretin, samaki wadogo, Kadutu, ananiuliza kila jioni, «Askofu yuko wapi?» kama mimi ndiye niliyemficha.

Miezi saba. Alirudi 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Tulikwenda barabara ya Kavumu kwa miguu tangu asubuhi. Akina mama walitandika vitenge chini kwenye vumbi, magari yapite juu yake. Mama alitandika kitenge chake cha harusi. Nilimwambia, mama, kitachanika. Akasema, basi kichanike. Sikuona uso wa Askofu, nimeona mkono tu dirishani.

Alikufa 4 Oktoba, karibu na Roma. Siku 20 tu. Mama alikuwa bado hajafua kile kitenge, kina alama ya tairi. Hajakifua mpaka leo, uliza dada zangu.

Espoir wa Goma alijibu:

Lakini swali la Mexico halijajibiwa. Kule watu walichukua silaha. Rais Calles alipotia nguvu sheria yake 31 Julai 1926, maaskofu walisimamisha misa za hadharani siku hiyo hiyo, na wakulima wa Jalisco na jirani zake wakapigana miaka mitatu wakilia Viva Cristo Rey. Padri Miguel Pro alipigwa risasi Novemba 1927, amefungua mikono kama msalaba. Kijana José Sánchez del Río alikuwa na miaka 14. Sisi Zaïre tulikuwa na Wakatoliki mamilioni na tukaficha misalaba nyuma ya picha. Papa Mwalimu, samahani, haikuumizi?

Mwalimu Mstaafu, Kadutu, alijibu:

Inaniuma, ndiyo maana niliandika habari ya droo.

Lakini ukisoma ya Mexico soma mpaka mwisho. Juni 1929 maaskofu na serikali walipatana, balozi wa Marekani akiwa katikati, na wale wakulima wenyewe hawakuitwa mezani. Wakaambiwa wekeni bunduki. Waliweka, na wengi wakauawa baada ya kuziweka. Mimi sitawahukumu, si wao wala maaskofu.

Na hali hazifanani. Calles alitaka mlango wa kanisa ufungwe. Mobutu hakufunga mlango, yeye alitaka aingie akae kwenye altare. Alibatizwa, alisomeshwa na wamisionari, alijua misa kwa moyo. Mwaka 1980 Yohane Paulo II alikuwa anatua Kinshasa 2 Mei. Mobutu akafunga ndoa ya kanisa na Mama Bobi Ladawa 1 Mei, siku moja kabla! Mtu wa namna hiyo unampigaje risasi? Unakuta amepiga magoti mbele yako.

Kivu ilikuwa imeona bunduki tosha mwaka 1964, na zile za mamluki 1967 hapa hapa mjini. Mama yangu alikuwa akisikia mtu anataja bunduki anamfukuza kwenye baraza. Hata akina Mama Neema, 2000, bunduki zilikuwa kila mahali, walichotoa ni vitenge.

Fiston243 alijibu:

Papa Mwalimu, nimekusoma. Kwenye majina bado nina neno langu. Ila ile ya watoto kupiga ishara mbele ya picha imenikaa kooni.

Mushaga wa Bagira aliandika:

Nimetoka Nyangezi leo, naandika na matope kwenye viatu.

Kwanza shangazi. Nilimwandikia maswali kwa herufi kubwa kwenye kaye ili asisingizie masikio. Wino: ni babu mwenyewe. Usiku, mezani, taa ya petroli, kwa sababu asubuhi kazini walitakiwa kupeleka karatasi zote. Nyanya aliyekuwa pembeni yake alilia, babu akamwambia anyamaze, wino unakauka. Kwa hiyo Papa Mwalimu ulijua. Habamungu: ilikuwa jina la kaka yao mkubwa aliyekufa na surua. Hakuna jibu kwa serikali hapo. Nikainama kidogo, nakiri. Nikamuuliza, basi hakusema kitu chochote alipokwenda kuliandikisha? Akafikiri, akasema alirudi anacheka peke yake, na hakusema kwa nini.

Na Tasi? Shangazi akanitazama kama mjinga. «Tungemwitaje tena? Ndilo jina lake.» Mke wake alimwita hivyo mbele ya watu wote, mbele ya vijana wa JMPR, mbele ya bosi wake, miaka yote ile.

Kisha parokia. Katibu ni kijana mpole, alivaa glavu za mpira kwa ajili ya vumbi. Kitabu cha 1949 kimeliwa na mchwa kwenye pembe tu. 19 Juni, watoto 14 wamebatizwa. Mushagalusa, Protasius. Mwandiko mwembamba wa padri, hakuna tone la wino juu yake. Pembeni, kwa mkono mwingine, ndoa yake ya 1963. Nitapewa cheti Jumatatu, na katibu amesema ataandika pia barua kwamba huyu na yule wa parseli ni mtu mmoja, mashahidi wawili watie sahihi. Tutaona yule karani atasema nini safari hii.

Jambo moja la mwisho. Mstari wa juu yake, siku hiyo hiyo, kilima hicho hicho, kuna Gervasius. Shangazi anakumbuka walikuwa wakichunga mbuzi pamoja, kisha yule alikwenda kufanya kazi mbali, labda Kamituga, hakurudi. Jina lake la ukoo sitaliandika hapa. Lakini kama kuna mtu anayesoma, na nyumbani kwenu kulikuwa na mzee aliyeitwa Vasi tu, bila mtu kujua kwa nini, tafadhali aniandikie pembeni.